Kutoka Kuchezewa hadi Kucheza: Jibu kwa Wanaodai kuwa Filamu si Kazi Yetu

Makala haya ni jibu. Yanajibu hoja zilizotolewa muhula uliopita katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili, katika chumba cha orofa ya juu katikati ya jiji la Nairobi, ambamo mwanafunzi mmoja wa kike aliwasilisha pendekezo la tasnifu. Alitaka kulinganisha usawiri wa msichana katika riwaya mbili za Kiswahili, Rosa Mistika na Utengano, na usawiri wake katika filamu ya Queen of Katwe (2016). Pendekezo hilo lilikataliwa kwa muda usiozidi nusu saa. Lilikataliwa kwa hoja tatu, moja ikiwa imeegemea nyingine kama ngazi: kwamba filamu si fasihi, kwamba hata ikiwa ni fasihi, filamu hii si ya Kiswahili, na kwamba hata ingekuwa ya Kiswahili, ni hadithi ya michezo tu, hadithi ya kuwapa watoto moyo, isiyofaa kusumbua akili ya mhakiki aliyekomaa. Hoja hii ya tatu ilitolewa kwa kicheko, na chumba kizima kikacheka, nami nikiwamo.

Sina haja ya kuwataja wenzangu hao kwa majina wala kuitaja idara yenyewe. Ni watu ninaowaheshimu, na wawili kati yao walinifundisha. Ila kicheko kile kimenikera tangu siku ile, hasa kwa kuwa sehemu yake ilitoka kinywani mwangu.

Hoja ya kwanza haihitaji wino mwingi. Wanaoukumbuka ubishi uliozuka baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974 wanakumbuka pia jinsi wanamapokeo walivyosimama kidete wakidai kwamba utungo usiokuwa na vina na mizani si ushairi wa Kiswahili. Leo Kichomi inasomwa na kutafitiwa vyuoni, na hakuna mhadhiri anayeomba radhi kabla ya kuitaja. Mlango uliofungwa wakati ule mbele ya ushairi huru ndio unaofungwa leo mbele ya filamu, na mabawabu wake ni wanafunzi wa wale waliosukumana kuuingia. Isitoshe, sisi wenyewe tunafundisha tamthilia tukijua kwamba nusu ya maana yake imo katika mwili na sauti ya mwigizaji. Tunafundisha ngano na ngomezi. Basi ni kipi kilichomo katika filamu kinachotutisha, kama si ukweli kwamba wanafunzi wetu wanaifahamu kuliko sisi?

Hoja ya pili ina uzito kidogo. Ni kweli kwamba Queen of Katwe inazungumza Kiingereza, kikichanganywa na Kiganda hapa na pale. Ni kweli pia kwamba ilitolewa na kampuni ya Disney, kwa mswada wa William Wheeler, kutokana na kitabu cha mwandishi wa habari za michezo wa Kimarekani, Tim Crothers, kilichotoka mwaka 2012. Mwongozaji wake, Mira Nair, ni mzaliwa wa India ambaye Kampala imekuwa maskani yake kwa miaka mingi. Anayetaka kuzungumzia ubeberu wa kiutamaduni ana pa kuanzia, nami nitalirudia jambo hilo baadaye. Lakini tangu lini asili ya kazi ikawa kizuizi cha kuilinganisha na nyingine? Tunazisoma tafsiri za Nyerere bila kumdai Shakespeare pasipoti. Zaidi ya hayo, mtu akitoka katikati ya jiji kwa matatu namba 46 akashuka Kawangware, atakuta vibanda vya video ambamo filamu za kigeni husimuliwa upya kwa Kiswahili na Sheng, kwa sauti ya DJ Afro na wafuasi wake. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala nao wana wasimulizi wao. Msimulizi wa aina hii hafasiri tu. Huwabatiza wahusika majina mapya, hutia methali, humkejeli adui, humwonya shujaa, na hadhira humjibu. Sifa zote tunazoziorodhesha ubaoni tunapofundisha utendaji katika fasihi simulizi zimo ndani ya kibanda kile cha mabati. Kusema kwamba filamu haiwezi kuingia katika Kiswahili ni kusema kwamba hatujawahi kushuka kwenye matatu hiyo.

Nitaje na jambo dogo ambalo huenda likawapoza wenye wivu wa mipaka. Mwigizaji anayemwakilisha Nakku Harriet, mama muuza mahindi wa Katwe, ni Lupita Nyong'o, aliyesomea shule za jiji hili hili, na ambaye akiwa na umri wa miaka 14 alimwigiza Juliet na kundi la Phoenix Players hapa hapa Nairobi. Filamu hii si ya kigeni kwetu kama tunavyojisingizia.

Sasa nije kwenye hoja ya tatu, ile ya kicheko.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi cheza katika Kiswahili kina ukarimu wa ajabu. Mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza bao na karata. Jino lililolegea nalo hucheza. Lakini kitenzi hiki kikikutanishwa na msichana katika mazungumzo yetu ya kila siku, hubadilika sura mara moja. Msichana hachezi, msichana huchezewa. ‘Amechezewa’ ni hukumu nzima katika neno moja: kuna mwanamume aliyetenda, kuna mimba au aibu iliyobaki, na kuna mlango uliofungwa. Mvulana aliyeharibikiwa husemwa kwamba amechezea bahati yake, naye hata katika uharibifu wake hubaki mtenda. Msichana hana hata heshima hiyo ya kisarufi. Ninadai kwamba riwaya yetu, ile hasa tuliyoichagua kuwasomesha vijana, imejengwa juu ya tofauti hii ya kauli, na kwamba hadithi ya michezo ndiyo inayoweza kutuonyesha hivyo kwa uwazi zaidi, kwa sababu ndani yake msichana hana budi kuwa mtenda. Mchezo hauchezwi kwa niaba ya mtu.

Tazama mifano. Katika Rosa Mistika, iliyochapishwa mwaka 1971, Rosa anakulia Ukerewe chini ya baba mlevi, Zakaria, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapopelekwa shule ya bweni na hatimaye chuo cha ualimu, anakutana na uhuru ambao hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuutumia. Wanaume wanamchezea. Na Charles, yule yule aliyeiandika barua, anapomkataa kwa sababu ya ubikira, Rosa anajiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi. Anapotoroka, mji unampokea kwa vilabu, pombe na wanaume, na mwili wake unachakaa mbele ya macho yetu kabla hajapewa nafasi ya kurudi miongoni mwa watu. Linganisha na Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili, mvulana, anaondoka Tanga akaja Kenya kumtafuta baba yake. Barabara inamtesa, tena sana. Lakini haimchafui. Mvulana akitoka nyumbani anakua. Msichana akitoka nyumbani anaanguka. Riwaya ya makuzi, kwa mvulana, ni safari. Kwa msichana ni kesi mahakamani, na msomaji ameketi kwenye kiti cha hakimu.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimelitoa mwenyewe mara nyingi. Litasema kwamba Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed hawakuwa wakimlaani msichana, bali jamii iliyomlea. Ni kweli kabisa. Kezilahabi ametuonyesha bila kuficha kwamba anguko la Rosa lilianzia nyumbani, mikononi mwa Zakaria, na ndiyo maana riwaya ile iliwaudhi wakubwa kiasi cha kuzuiwa kwa muda isisomwe shuleni nchini Tanzania. Maksuudi naye amechorwa kama mnafiki wa wazi. Tatizo liko kwetu sisi tunaofundisha. Nimeisomesha Rosa Mistika kwa muda wa miaka 15, na katika makaratasi yangu ya zamani nimekuta swali la mtihani nililolitunga kwa mkono wangu: ‘Rosa alikuwa chanzo cha maangamizi yake mwenyewe. Jadili.’ Wanafunzi wasiopungua 60 walijadili, wengi wao wasichana, na wengi wao wakakubali, kwa kuwa walidhani ndilo jibu nililolitaka. Walikuwa wamesoma swali vizuri kuliko mimi nilivyoisoma riwaya.

Hebu sasa tuiangalie filamu tuliyoicheka. Kisa chake kinatokana na maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala. Anauza mahindi pamoja na ndugu yake Brian ili mama yao aweze kulipa kodi ya nyumba. Siku moja anamfuata Brian mpaka kwenye kibanda ambamo Robert Katende, kijana aliyesomea uhandisi na asiyepata kazi ya fani yake, anawafundisha watoto sataranji, au chesi kama wasemavyo watoto wetu, na kuwapa uji. Watoto waliomo ndani wanamcheka Phiona kwa kuwa ananuka. Anapigana. Kisha anarudi nyumbani, anaoga, na siku inayofuata anakuja tena.

Tukio hilo la kuoga ni la dakika chache, na nusu ya watazamaji hulisahau. Mimi ninaliona kuwa muhimu kuliko ushindi wote unaofuata. Katika riwaya zetu, msichana anapojitazama mwilini kwa mara ya kwanza, karibu kila mara ni kwa jicho la mwanamume aliyemtazama kwanza: kioo, kanga mpya, mafuta, na mtu anayengoja njiani. Phiona anaoga kwa sababu kuna ubao anaoutaka. Mwili wake si chambo wala si mtego. Ni kitu cha kumfikisha mahali. Anayemfundisha hatua za kwanza naye si mwanamume. Ni mtoto wa kike aitwaye Gloria, mdogo kuliko Phiona mwenyewe, anayemweleza kwamba katika mchezo huu kete ndogo kabisa ya mstari wa mbele, ikifika mwisho wa ubao, hugeuka ikawa malkia. Mhakiki wa ki-Marx atakunja uso na kusema kwamba hiyo ni ndoto ya kibepari, mmoja kupanda na wenzake kubaki chini. Huenda. Lakini azingatie kwamba kete ile haiolewi na mfalme ndipo iwe malkia. Inatembea, mraba kwa mraba.

Kuna mhusika mwingine ambaye mwanafunzi wetu alimtaja katika pendekezo lake, ukurasa wa nne, na ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali juu yake. Huyu ni Night, dada mkubwa wa Phiona. Night ni mzuri wa sura, anachoka na umaskini, anajiendea na kijana mwenye pikipiki. Anapata nguo, anapata fedha, na mama yake anamfungia mlango. Hatimaye anarudi nyumbani akiwa mja mzito. Msomaji wa riwaya ya Kiswahili anamtambua papo hapo: huyu ni Rosa, huyu ni Maimuna. Hadithi yetu nzima imo ndani ya filamu ile, lakini imesukumwa pembeni ikawa kisa kidogo cha dada. Na mama, aliyekuwa mkali kuliko Zakaria, anampokea. Hakuna kifo. Hakuna hotuba. Kuna mlango unaofunguliwa, na kesho yake kuna mahindi ya kuuzwa. Ikiwa kulinganisha fasihi kuna maana yoyote, basi ni hii: kazi moja inapochukua kiini cha nyingine na kuuliza, je, ingekuwaje kama mama angefungua? Pendekezo lile lilikuwa na swali ambalo linaweza kuzaa tasnifu tatu, nasi tukalijibu kwa kuuliza lugha ya filamu.

Ninachokiona kuwa kiini cha hoja yangu, hata hivyo, kimo katika jambo lisilopendwa na wanaoisifu filamu hii wala wanaoibeza. Phiona anashindwa. Mwaka 2010, akiwa na umri wa takriban miaka 14, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji mjini Khanty-Mansiysk, Urusi, na katika mchezo wake wa kwanza akafungwa na mchezaji wa Kanada. Filamu haikulificha jambo hili. Imelipa nafasi ya kutosha: msichana aliyezoea kushinda Kampala anaketi mbele ya mtu anayejua zaidi, anatambua kwamba hana pa kwenda, anasalimu amri, anatoka nje analia. Anarudi Katwe akiwa amevunjika moyo. Kisha, polepole, anarudi kwenye ubao.

Nimejaribu kutafuta tukio la aina hii katika riwaya tulizowahi kuwasomesha wasichana wa shule za upili: msichana anajaribu jambo kubwa kwa hiari yake, analishindwa kwa sababu ya haki kabisa, yaani kwa kuwa hajajua vya kutosha, na kushindwa huko hakumwui, hakumpi mimba, hakumrudishi kwa mume wala kwa baba, bali kunamrudisha mazoezini. Sijalipata. Rehema wa Nyota ya Rehema (1976) anakaribia, kwa kuwa mateso hayamvunji. Lakini mapambano yake ni ya kudai alichonyang'anywa, si ya kutafuta asichowahi kuwa nacho. Kwetu sisi kosa la msichana ni moja na halina marudio. Mchezo una kanuni tofauti: ukifungwa leo, kete hupangwa tena. Ujumi huu wa marudio ndio riwaya yetu ilioukosa, na ndio maana hadithi ya michezo si jambo la kucheka. Anayemfundisha msichana kwamba anaweza kushindwa Jumamosi na bado akawa mtu Jumatatu amemfundisha jambo ambalo mimi, kwa miaka 15 na shahada tatu, sikumfundisha.

Nisije nikaeleweka vibaya. Wapo wenzetu wengine, hasa walio katika idara za elimu na katika mashirika yasiyo ya kiserikali, wanaoionyesha filamu hii kumbini kama dawa. Wanazima taa, wanaonyesha, wanawasha taa, wanawaambia wasichana: nanyi mnaweza. Hawa nawapinga kwa nguvu zile zile. Filamu ina udhaifu wake, na mkubwa ni ule mwisho wa nyumba. Kila kitu kinaelekezwa kwenye nyumba ambayo Phiona anamnunulia mama yake, kana kwamba miaka yote ya kuutazama ubao ilikuwa akiba ya benki iliyongoja kukomaa. Hii ni kanuni ya Hollywood na haina uhusiano na sataranji. Maisha yenyewe yalikuwa na mwisho usio na kishindo hivyo, na kwa maoni yangu ulio bora: mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, Phiona Mutesi na mwenzake Ivy Amoko walipata cheo cha mwanzo kabisa kati ya vyeo vya wanawake katika mchezo ule, na mwaka 2017 Phiona akaenda kusoma chuo kikuu Marekani. Cheo cha mwanzo, si cha mwisho. Kingetosha. Lakini wenye fedha hawakuamini kwamba mtazamaji angeridhika na msichana aliyepata daraja la chini kwa jasho lake. Hapo ndipo uhakiki wa ubeberu ungepata kazi ya kufanya, laiti tungeuachia uingie chumbani badala ya kuutumia kama komeo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nijisumbue na Katwe ilhali Nairobi ina wasichana wake. Swali ni halali. Jibu ni kwamba Nairobi ilipojaribu kumwonyesha msichana wake anayecheza, tulikuwa na shughuli nyingine. Katika Rafiki (2018), filamu ya Wanuri Kahiu, tunakutana na Kena, binti wa muuza duka katika mtaa wa jijini, anayecheza kandanda na wavulana katika kiwanja cha vumbi. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa kuonyeshwa Cannes, na mnamo Aprili 2018 ilipigwa marufuku nchini kwa sababu ya mapenzi baina ya Kena na msichana mwenzake. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiondolea marufuku kwa siku saba. Nilipanga foleni Ngong Road pamoja na vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa nilipoanza kusoma fasihi. Mjadala wote uliofuata, bungeni, makanisani na magazetini, ulikuwa juu ya mapenzi yale. Msomaji ana haki ya kuwa na msimamo wake juu ya hilo. Mimi nilishangazwa na jambo jingine: hakuna mhakiki wa Kiswahili niliyemsikia akiuzungumzia mpira. Ilhali Kena hutambulishwa kwetu kwa miguu yake kwanza. Uwanjani ndipo mahali pekee ambapo wavulana wanamhitaji kwa ustadi wake, na ni hapo hapo anapoanza kutengwa maneno ya mtaa yanapoenea. Mwandishi wa riwaya angehitaji sura mbili kueleza jinsi jamii inavyomwondolea mtu kibali. Mpira ulieleza kwa pasi moja isiyotolewa.

Kila Jumamosi jioni, nikirudi nyumbani upande wa Kangemi, hupita karibu na uwanja mmoja ambamo wasichana hucheza baada ya wavulana kumaliza. Wanapewa saa ya mwisho, ile ambayo jua limeshaanguka nyuma ya nyumba na mpira hauonekani vizuri. Hawalalamiki, au hawalalamiki kwa sauti ninayoweza kuisikia kutoka barabarani. Wakiingia kidato cha tatu, watakuta riwaya teule mezani.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo haikutolewa semina ile, nami naitoa mwenyewe kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Itasema kwamba michezo haimwokoi msichana, na kwamba Kenya ndiyo ushahidi. Mnamo Septemba 2021 Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za barabarani za wanawake watupu. Mwezi mmoja baadaye alikutwa ameuawa nyumbani kwake, Iten. Mnamo Agosti 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris; mwanzoni mwa Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake, Trans Nzoia, akafariki siku chache baadaye katika hospitali ya Eldoret. Basi utatuambia nini kuhusu kucheza na kuchezewa, watauliza, ilhali mshindi wa dunia anakufa kama Rosa?

Sikubali kwamba wanakufa kama Rosa, na hapa sina utani. Wanawake hawa wawili walizunguka dunia, wakalala katika miji ya ugenini, wakapita katika viwanja vya ndege peke yao, wakarudi salama. Wote wawili walishambuliwa nyumbani. Dhana tuliyoisimika katika vichwa vya wasomaji wetu, kwamba nyumba ni ngome na barabara ni maangamizi ya msichana, imepinduliwa miguu juu na maisha yenyewe, na bado tunaendelea kuitahini. Kezilahabi alilijua hili mwaka 1971; aliuweka mjeledi sebuleni. Sisi tuliuhamishia barabarani kwa maswali yetu ya mitihani. Na hadithi inayorudiwa darasani mwaka baada ya mwaka, kwamba msichana aliyetoka akajitwalia chake lazima alipizwe, haibaki darasani. Inamfikia mvulana aliyeketi dawati la nyuma. Yeye pia anajifunza ni nani mwenye haki ya kulipiza.

Ndiyo sababu ninaona kwamba kilichokataliwa muhula uliopita kilikuwa kikubwa kuliko tasnifu moja. Mwanafunzi yule hakuwa akituomba ruhusa ya kutazama filamu. Alikuwa akituonyesha kwamba fasihi tunayoilinda ina tundu, na kwamba amelipata umbo lake kwa kuiweka kando ya kazi isiyokuwa na tundu hilo, ijapokuwa ina mengine. Hiyo ndiyo kazi ya uhakiki linganishi tangu ulipoanza. Kama kuna kasoro katika pendekezo lake, nami ninaona mbili, ni za kawaida: hakueleza vya kutosha nadharia atakayoitumia kuchambua picha na sauti, na aliisahau kabisa Nyota ya Rehema. Ni kasoro za kurekebishwa kwa mwezi mmoja.

Baada ya kikao kile nilimkuta ngazini, karibu na dirisha linalotazama upande wa Uhuru Park. Aliniuliza kama abadili mada achague mashairi, kwa kuwa alisikia kwamba mashairi hupita upesi. Nilimwambia asubiri. Kisha nikaingia ofisini, nikalitoa lile karatasi la mtihani wa Rosa Mistika, nikampa akaliambatishe kwenye sura yake ya kwanza kama data, pamoja na jina langu chini yake. Pendekezo litaletwa tena mbele ya kamati muhula huu, likiwa na riwaya tatu na filamu mbili. Nimeomba nipewe nafasi ya kusema kabla ya kura.